Breki za Moris na Jina la Apolinary

Jumatatu, 11 Agosti 1986

Siku kumi na tisa zimebaki kabla ya harusi ya binti yangu Jeska. Gari linang'aa. Moris ya mwaka 1956, rangi ya maziwa. Taa za mbele nimezisugua kwa majivu mpaka najiona pua. Injini inawaka. Honi inalia. Leo fundi Makongoro kaingia uvunguni, katoka, kajifuta mikono, kasema breki hamna.

Najua hamna. Silinda za breki nilizing'oa mwenyewe mwaka 81 nikabadilishana na kilo mbili za sukari. Mwaka ule nani hakubadilishana kitu. Makongoro anasema siku hizi vitu vinaingia, kuna mtu wake anavuka mpaka pale Sirari kwenda Kisumu Jumatano ya wiki ijayo, silinda atazipata. Lakini hawezi kwenda dukani kuomba silinda za gari dogo la zamani. Anataka vipimo. Za mbele ukubwa gani, za nyuma ukubwa gani, lainingi, zile bitana za breki, unene gani. Kauliza kitabu cha gari kiko wapi.

Kiliibwa. Nimemwambia hivyo, na mwizi nimemtaja. Apolinary, jirani yangu hapa Kitaji, nyumba ya tatu kutoka kwangu, yule mwenye pikapu. Alikiazima mwaka 82, akadai amerudisha. Nililisema jambo hilo kwenye jumuiya yetu ya kanisa, mbele ya watu wote, wakamnyang'anya kapu la sadaka alilokuwa akilishika. Huu mwaka wa nne kapu linapita mbele yake kama mbele ya mtu yeyote. Nasikiaga raha kidogo. Sitasema uongo kwenye daftari langu.

Gari si la kujionyesha. Labda kidogo. Hasa ni la mama mkwe, kule Guta. Ndiye aliyemlea Jeska tangu ana miaka mitatu. Mwaka jana alivunjika nyonga. Basi hapandi, lori hapandi. Jeska kasema bila bibi yake haendi altareni, na Jeska akisema amesema. Basi mimi, Wenceslaus Masatu, karani mstaafu wa stoo ya pamba, nikasimama mbele ya upande wa bwana harusi nikaahidi bibi ataletwa kwa gari langu.

Ataendesha Makongoro. Mimi na mama mkwe ndani ya kigari kile, magoti karibu kugusana, haiwezekani. Nitakuja nyuma kwa basi. Yaani nahangaika na gari ambalo siku yenyewe sitalikalia.

Jumatano, 13 Agosti

Mpango safi kabisa. Kuna mzee anaishi Mwitongo, kule Butiama, anaitwa Chacha. Zamani za mkoloni alikuwaga dereva wa mganga mmoja wa serikali, akiendesha Moris kama hii yangu. Dereva wa miaka tisa hakosi kujua vipimo. Ila kwa nini amwambie mtu asiyemjua? Nikavaa koti. Nikabeba faili. Nikajitambulisha kwamba natoka wizarani, tunaandika historia ya madereva wa kwanza wa mkoa wa Mara.

Sikujua mtu anaweza kufurahi namna ile. Alinikalisha kwenye kiti cha pekee chenye mto. Akaingia ndani. Akatoka amevaa kofia ya kazi na shati lenye vifungo vya shaba, amefunga mpaka cha shingoni. Akauliza kamera iko wapi. Nikasema inakuja na gari la pili. Akaanza kunitajia madereva wenzake, kumi na mmoja, wote marehemu, na kwa kila mmoja alinisubiri niandike jina lake na la baba yake. Wawili alinirudisha nisahihishe. Nikasahihisha. Ningefanyaje?

Baada ya muda wa saa tatu hivi nikaingiza suala la breki. Mzee akacheka. Akasema mganga wake alikuwa mwoga wa breki, alidhani zitamrusha nje kupitia kioo, kwa hiyo yeye alikuwa anapunguza kwa gia tu, na gari likikataa kabisa anatafuta kichuguu. Breki zenyewe hajawahi kuzifungua. Kipimo alichokuwa anapima ni upepo wa tairi, na huo aliupima kwa teke.

Wakati naondoka mkewe akanipa jogoo. Nilikataa mara moja tu. Mzee akanisindikiza mpaka barabarani na kofia yake kichwani, akauliza kitabu cha serikali kitatoka lini. Nikasema mwakani, Mungu akipenda. Nimemwingiza mpaka Mungu.

Marieta, mke wangu, kauliza jogoo katoka wapi. Nimesema wizarani. Jogoo kafungwa mguu jikoni, na mimi sijaingia jikoni tangu nirudi.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Kanisa limejaa. Apolinary benchi la mbele yangu, shati limepigwa pasi kweli kweli. Nikapata wazo katikati ya mahubiri.

Baada ya misa nikamfuata uwanjani, kwa upole. Nikamwambia harusi imekaribia, mimi niko tayari kuyasahau, arudishe hata ukurasa wa breki peke yake, nitasema umeokotwa. Watu walikuwa karibu. Nilihakikisha wako karibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Akasema, baba Jeska, kitabu nilikuwekea mkononi, umesimama mlangoni kwako asubuhi, mkono mwingine umeshika mswaki. Kisha akaondoka polepole na mkewe. Nikawaambia waliobaki: mmesikia, anakumbuka mpaka mswaki, mtu asiye na hatia angekumbuka yote hayo ya nini.

Nyumbani nikamsimulia Marieta. Alikuwa anapepeta mtama. Akauliza kitabu chenyewe ni kile chenye picha za magurudumu. Nikasema hicho hicho. Akasema, baba Jeska, si ndizo karatasi zilizobandikwa chumbani kwa mama?

Nikakaa chini.

Ilikuwa Desemba 82. Mama mkwe alikuwa amekandika nyumba upya, anatafuta karatasi za kubandika ukutani. Magazeti hayakuwepo, hata ya kufungia karanga hayakuwepo. Nami nikataka nionekane mkwe wa maana. Nikachukua kitabu cha gari lisilo na breki wala petroli, nikakichana ukurasa mmoja mmoja, nikampelekea pamoja na unga wa muhogo wa kupikia gundi. Alinisifu mbele ya ukoo mzima. Miezi miwili baadaye fundi mwingine akaja kukiazima, nikakitafuta, sikukiona. Na wiki ile ile Apolinary alikuwa amenikatalia baiskeli yake. Jina lake lilikuja mdomoni lenyewe.

Sikukusudia. Nilisahau kweli. Lakini pia sikujaribu sana kukumbuka.

Marieta hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Kasema harusi isipite kabla sijamwambia Apolinary ukweli mbele ya watu, kama nilivyomsingizia mbele ya watu. Nikasema nitamwambia. Nikamwomba yeye aende Guta anisomee ukurasa wa breki. Akasema hatachungulia ukuta wa mama yake kwa ajili ya uongo wangu, niende mwenyewe nimweleze mama. Nimweleze! Nusu ya lile boma lina ndugu kwenye jumuiya yetu.

Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Apolinary ana watoto wanaosoma. Wameitwa watoto wa mwizi wa kitabu miaka yote hii.

Jumapili, 17 Agosti

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Nilishuka Bunda saa nne, nikatembea hadi Guta. Nilikuwa nimelifikiria vizuri jambo hili. Chumbani kwa mama mkwe siwezi kuingia, hilo hata mtoto anajua. Lakini dirisha si mlango. Mtu aliye nje yuko nje. Nikisimama nje na macho yangu yakasoma kilichoko ndani, nani ameingia?

Nikamsalimia mama mkwe kwa mbali, kama inavyotakiwa, nimegeukia ng'ombe. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani akichagua pamba, ametandaza mguu mbaya. Akaniuliza habari za Jeska, akaniuliza gari linaendeleaje. Akasema kila mgeni anayepita anamwambia kwamba mkwe wake anamtengenezea gari. Nikasema linakwenda vizuri. Nikasema naenda kuangalia ndama.

Nikazunguka nyuma. Dirisha dogo la mbao, juu kidogo. Nikageuza kinu, nikapanda. Nikapenyeza kichwa.

Kitabu changu chote kilikuwa pale. Kurasa zimenyooka, hakuna hata moja iliyopinda, zimebandikwa kwa mstari toka chini mpaka juu. Namna ya kubadilisha tairi. Namna ya kufungua kabureta. Na kichwani pa kitanda, breki. Nikaona namba mbili za silinda, ya juu kubwa, ya chini ndogo. Lakini maneno ya pembeni, yanayosema ipi ya mbele ipi ya nyuma, yalikuwa chini ya picha ya Bikira Maria. Nikajivuta ndani kidogo. Bega moja likaingia. Nikajivuta tena. Kinu kikaondoka.

Nikabaki nimening'inia. Kichwa na bega ndani ya chumba cha mama mkwe, miguu nje inatafuta pa kukanyaga. Bega halirudi nyuma. Macho yangu yako juu ya kitanda chake. Nikayafumba. Ndilo jambo pekee la heshima nililolifanya leo.

Aliyenikuta ni Esta, mdogo wake Marieta. Akapiga yowe la mwizi. Wakaja na majembe. Nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka uani ikiuliza kuna nini. Esta akajibu kuna miguu ya mwanaume dirishani. Nadhani akaiangalia vizuri. Kisha akasema kwa sauti ndogo, mama, hivi ni viatu vya baba Jeska.

Baadaye waliponichomoa na fremu ya dirisha shingoni, nikamwona mama mkwe amejifunika khanga usoni, amegeukia ukuta wa zizi.

Jumatatu, 18 Agosti

Kikao cha ukoo, asubuhi, nje ya boma. Mwenyekiti mzee Bernado, mdogo wa marehemu baba mkwe. Akaniuliza nilikuwa natafuta nini chumbani kwa mama yetu. Nikasema nilikuwa nakagua nyufa. Akauliza nyufa zinakaguliwa kwa kichwa?

Ningesema neno moja tu, kitabu, yangekwisha. Wangecheka, ningecheka. Lakini kitabu kingefika Kitaji kabla yangu. Nikaona heri nionwe mwendawazimu. Bernado kaniambia kwa huruma kwamba hata mjomba wake wazimu ulimwanza hivyo hivyo.

Hukumu: mbuzi dume na blanketi jipya. Na mpaka mbuzi achinjwe, mama mkwe halali kile chumba. Kahamishiwa jikoni, kwenye mkeka, na nyonga ile. Amelala pale usiku wa jana kwa sababu yangu. Esta kaniletea ujumbe wake nilipokuwa naondoka: mama anauliza kama unakula vizuri, anasema wasiwasi wa harusi unaweza kumchanganya baba.

Nimetembea hadi Bunda bila kuinua uso. Mbuzi atapelekwa kesho. Blanketi nitatoa la kitandani kwetu. Ni jipya kiasi.

Jumanne, 19 Agosti

Mtu wa Makongoro anaondoka alfajiri. Makongoro kataka vipimo. Nikamwandikia zile namba mbili. Akauliza kubwa ni ya mbele au ya nyuma.

Hapo nilipaswa kusema sijui. Nikafikiri. Nyuma ndiko atakakokaa mama mkwe, na mama mkwe si mwembamba. Nyuma kuna uzito. Nikasema kubwa ni ya nyuma. Makongoro akakuna kichwa, akasema gari nyingi alizofungua ni kinyume chake, nina hakika? Nikamwambia nimesoma kwa macho yangu mwenyewe. Akasema basi sawa, wewe ndiye mwenye gari.

Jumatano, 27 Agosti

Silinda zilifika juzi. Mpya, zimefungwa kwenye karatasi ya nta. Hazikukaa vizuri, za nyuma zilikataa, Makongoro akazilazimisha kwa vipande vya kandambili. Akasema moyo wake hautaki. Nikamwambia sikumwita kwa ajili ya moyo wake.

Leo jaribio. Tuko juu ya mteremko wa hapa Kitaji unaoshuka ziwani. Makongoro akafungua mlango akashuka. Akasema vipimo ni vyangu, nivijaribu mwenyewe. Watu wamejaa. Apolinary naye kasimama kwenye uzio wake. Nikavaa miwani ya jua.

Katikati ya mteremko nikakanyaga. Magurudumu ya nyuma yakakamata yote kwa mpigo, ya mbele hata habari hayana. Moris ikageuka. Nikaona watu, nikaona nyumba, nikaona watu tena. Kisha ikaendelea kushuka kinyumenyume, mimi nikitazama nilikotoka, nikapita juu ya dagaa wa mama Shida waliokuwa wameanikwa mchangani, wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikasimama bomba la moshi likiwa majini, likitoa mapovu.

Sikuumia. Mama Shida hakunitukana. Alikuja akaanza kuokota dagaa kwenye bampa, mmoja mmoja, anaweka kwenye khanga. Nikashuka nikaokota naye.

Nilichokuwa nakifikiria wakati naokota ni barabara ya Bunda. Ile milima. Na kiti cha nyuma, na nani angekuwa amekaa pale, amevaa nguo mpya, anamwambia Makongoro jinsi mkwe wake anavyomjali. Nilitapika kidogo. Nikasema ni moshi.

Alhamisi, 28 Agosti

Jeska kalia asubuhi nzima. Hakuniambia neno baya. Kasema tu kwamba ataahirisha, atamfuata bibi yake Guta wakafungie ndoa hata kitandani. Upande wa bwana harusi wametuma mtu kuuliza kama kuna tatizo.

Marieta akajifunga khanga, akatoka. Nikauliza anaenda wapi. Nyumba ya tatu, kasema. Nikamwambia bora aombe lori la kuzolea takataka. Hakugeuka.

Alikaa kule kama nusu saa. Akarudi. Apolinary amekubali. Atatoka na pikapu Jumamosi alfajiri, Makongoro atamsaidia kumbeba mama, wataweka godoro nyuma na turubai juu. Petroli yake. Nikauliza ametaka nini. Marieta akasema ameuliza jambo moja tu, kama mama anapenda kukaa upande wa dirisha au hapendi, maana kama anaweza kukaa, mbele ni laini zaidi.

Nimekaa uani mpaka jua limeingia. Jumamosi nitasema. Nitasimama pale baba wa bibi harusi anaposimama, nitasema mbele ya watu wote. Nimeandika kabisa kwenye karatasi. Inaanza hivi: Mimi ndiye niliyekichana.

Jumamosi, 30 Agosti

Mama mkwe kafika. Kakaa mbele, upande wa dirisha. Jeska alipomwona alikimbia na gauni lake lote kwenye vumbi. Nilijificha nyuma ya nguzo ya kanisa nikalia, kwanza kwa sababu ya furaha.

Sherehe uwanjani kwetu. Mama mkwe upande wa kulia na akina mama, mimi upande wa kushoto kabisa, kama inavyotakiwa, na siku hizi wananisogeza mbali zaidi. Apolinary kakaa nyuma, karibu na masufuria. Nikaitwa. Nikapewa kipaza sauti. Karatasi mkononi. Marieta ananitazama bila kupepesa.

Nikafungua mdomo. Nikawaona wakwe wapya kwenye viti vya mbele, na katekista, na mwenyekiti wa jumuiya, na Bernado ambaye tayari ananiona kichaa. Nikasema leo ni siku ya upendo. Nikasema mimi nimekuwa na jambo moyoni kwa miaka minne. Nikasema jambo hilo ni kitabu. Nikasema, nami leo, mbele yenu nyote, namsamehe ndugu yangu Apolinary.

Sijui lilitoka wapi. Karatasi ilikuwa mkononi.

Vigelegele. Katekista akafuta machozi. Mwenyekiti wa jumuiya akanyanyuka akasema kwa kuwa mwenye mali amesamehe, jumuiya nayo inasamehe, Apolinary atarudishiwa kapu. Watu wakapiga makofi tena. Apolinary akaja kutoka kule kwenye masufuria, akapita katikati ya watu, akanipa mkono, mikono yote miwili. Akasema asante, baba Jeska, nimepokea.

Mikono yake ilikuwa ya moto. Marieta alikuwa ameinamisha kichwa. Chakula sikukila.

Jumapili, 31 Agosti

Marieta hajaongea nami tangu jana. Leo baada ya misa ndipo kafungua mdomo, akiwa anakunja vitambaa vya meza. Kaniuliza nadhani ni nani aliyemtoa mama kitandani jana. Nikasema si ni Makongoro? Akasema mama kamsimulia yote: Makongoro alishika miguu. Mabega alishika Apolinary. Alisimama kichwani pa kitanda.

Na viatu vya mama havikuonekana upesi. Makongoro alipotoka nje kuvitafuta, mama akamwonyesha Apolinary ukuta. Akamwambia zile karatasi aliletewa na mkwe wake mwaka alipokandika nyumba, aangalie zilivyonyooka, hakuna mwanamke mwingine Guta mwenye ukuta kama ule. Apolinary akamwambia ni kweli mama, ni mzuri sana.

Kwa hiyo jana aliponipa mkono alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu Guta, njia nzima, na milima yote.

Halafu Marieta akatoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka mezani. Apolinary alimpa jana kanisani, anipe, akasahau kwa shughuli. Mwandiko wake, ule wa zamani wa kuandikia hesabu za kapu. Vipimo vya breki. Silinda za mbele: kubwa. Za nyuma: ndogo. Unene wa lainingi. Nafasi kati ya kiatu cha breki na drami ya gurudumu. Kanyanyua picha ya Bikira Maria, kasoma, kairudisha. Hakuandika neno jingine lolote, hata salamu.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Ile ya dirishani ilikuwa mchezo. Nikasema sasa hivi, kabla moyo haujabadilika. Nikaenda nyumba ya tatu. Apolinary alikuwa anaosha tope la Guta kwenye pikapu. Akanikaribisha. Akauliza maharusi wameamkaje. Akauliza vipimo vimefika. Nikasema vimefika. Nikasimama. Akasubiri. Alisubiri muda mrefu, kitambaa mkononi, maji yanachuruzika, wala hakunikazia macho.

Nikamwomba aniazime spana namba kumi na tatu. Akaingia ndani kuniletea.

Nimepeleka spana na vipimo kwa Makongoro saa nane. Kaviangalia, kasema hivi sasa ndivyo, ungenipa hivi tangu mwanzo dagaa wa watu wangekuwa wazima. Kauliza vilikuwa wapi siku zote. Nimemwambia vilikuwepo, ila kuna mtu alikuwa amevikalia. Hakuniuliza ni nani. Nikamtajia jina la Apolinary.